Filme ya Nyeusi na Nyeupe: Namna ya Kuichagua na Kuisafisha



Kamata album ya nyumba yenu, ao ile bahasha ya zamani yenye mama anaweka chini ya nguo mu sanduku. Tosha foto zote, uzipange juu ya meza, kisha angalia vizuri. Foto za rangi za miaka ya 1970 na 1980, mingi zimegeuka nyekundu ao manjano, na sura za watu zinaanza kukimbia. Lakini foto ya babu, ile ya nyeusi na nyeupe, amesimama mbele ya nyumba ya kampi na kofia ya kazi mkononi, ingali pale. Hata vifungo vya shati yake unaweza kuvihesabu.

Sababu yake si uchawi. Foto ya rangi imetengenezwa na rangi za dawa, na rangi hizo zinaliwa polepole na joto na mwangaza, sawa kitambaa chenye kuanikwa kila siku. Foto ya nyeusi na nyeupe imetengenezwa na feza. Hatusemi feza ya mfukoni, tunasema ile madini nyeupe ya vikombe vya altare na ya pete. Feza haifi upesi.

Lakini angalia tena mu ile bahasha. Kuko pia foto za nyeusi na nyeupe zenye madoa ya manjano na kahawia, na zingine zimefifia paka kabisa. Feza ni ile ile, wakati ni ule ule. Tofauti iko wapi? Iko ku namna zilivyosafishwa. Njo neno tunataka kuwaambia mwezi huu: foto ya nyeusi na nyeupe inaokoka ao inapotea mu dakika za mwisho za kusafishwa, pale kijana amechoka na anataka kuona kazi yake haraka.

KWA NINI TUNASEMA HABARI HII

Wengine watasema: «Siku hizi tuko na simu. Filme ni ya kazi gani?» Ni kweli, simu inapiga foto elfu bila kuomba franga. Lakini ulizeni mu nyumba zenu: foto za ndoa ya ndugu yenu zilizokuwa mu simu iliyoibiwa, leo ziko wapi? Simu ikianguka mu maji, foto za miaka mitatu zinaenda nayo. Filme iliyosafishwa vizuri inakaa mu bahasha ya karatasi, bila umeme wala mashini, na mjukuu ataiinua mbele ya dirisha na kuona sura.

Kwetu mu inchi ya madini, jambo hili ni zito. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1967 mali yake iliingia mu mikono ya kampuni ya Serikali, ile tunaita Gécamines. Mu miaka hiyo yote watumikaji walipigwa foto: ku kazi, ku masomo, ku hospitali, mu kampi. Kisha kazi ikaanguka. Mu mwaka 2003 na 2004 watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi, ku mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Jamaa mingi zilihama. Leo kuko vijana hawajui babu yao alitumika kazi gani, ila kwa foto moja tu.

Mtoto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, alitambua bei ya foto hizo. Alikamata foto za zamani za nyeusi na nyeupe za watumikaji, akazipandisha juu ya foto mpya alizopiga mu viwanda vilivyobomoka. Kazi hiyo aliitoa mwaka 2006 na kuiita Mémoire, maana yake Ukumbusho, na imeonyeshwa ku mataifa mingi. Kama yule aliyesafisha filme zile za zamani angefanya haraka-haraka, Baloji hangekuta kitu.

Na sisi watu wa Kanisa tunajua tena jambo lingine. Mwaka 1904, kule Baringa, mu Equateur, mke wa mchungaji, jina lake Alice Seeley Harris, alipiga foto ya baba mmoja anaitwa Nsala, ameketi anaangalia mkono na mguu wa binti yake mdogo. Walikuwa wamemwua mtoto juu ya mambo ya kaucu. Foto hiyo na zingine zilionyeshwa mu makanisa ya Uingereza na Marekani, na watu wasiotaka kuamini maneno waliamini macho yao. Mwaka 1908 mfalme Leopold alilazimishwa kuacha Kongo. Foto hazikufanya kazi hiyo peke yake, lakini zilikuwa mashahidi, na mashahidi hao wangali wanasema hata leo.

KUCHAGUA FILME

Filme ni utepe wa plastiki uliopakwa utelezi wa gelatini, na ndani ya utelezi huo muko vipande vidogo sana vya chumvi ya feza. Mwangaza ukigusa kipande, kinapata alama isiyoonekana. Dawa njo itafunua alama hiyo na kuigeuza feza nyeusi.

Jambo la kwanza la kusoma ku kartoni ni hesabu ya ISO, ni kusema ukali wa filme. ISO 100 ao 125 inataka mwangaza mingi: ni nzuri kwa mchana, kwa foto ya jamaa inje, na inaonyesha mambo madogo-madogo. Ilford FP4 Plus ni ya namna hiyo. ISO 400 inatosheka na mwangaza mudogo: ni ya ndani ya kanisa, ya jioni, ya watoto wanaocheza mupira. Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X ziko mu kundi hilo. Ku filme kali utaona chembe-chembe kidogo, sawa mchanga mwembamba. Si ubaya. Kama unaanza na unaweza kununua moja tu, chukua ya ISO 400: inavumilia makosa mingi.

Jambo la pili: soma kama imeandikwa C-41. Kuko filme ya nyeusi na nyeupe, kama Ilford XP2 Super, yenye kusafishwa na dawa za filme za rangi. Ni filme nzuri, lakini foto yake ya mwisho inatengenezwa na rangi, hapana na feza, na dawa tutakazosema hapa si zake. Wengi wanainunua bila kujua.

Jambo la tatu: tarehe na joto. Filme inaogopa joto kama vile maziwa. Usiiache mu gari ku jua, wala juu ya kabati karibu na mabati. Iweke mahali pa baridi, mu kartoni yake.

Na hapa kwetu kuko jambo la nne. Mu nyumba mingi kuko mawe ya rangi, manjano na kijani, wazee walileta toka ku mugodi. Usiweke filme karibu nayo. Mwaka 1896 mwalimu mmoja wa Ufaransa, Henri Becquerel, aliweka chumvi ya uranium juu ya kioo cha foto kilichofungwa mu karatasi nyeusi. Mwangaza haukuingia, lakini kioo kilipata alama. Ndivyo watu walianza kujua nguvu ya mawe yale. Shinkolobwe si mbali, na jiwe lenye uranium likikaa siku mingi juu ya filme linaweza kuiharibu. Tena mawe ya namna hiyo hayafai kukaa mu nyumba yenye watoto.

Filme haiko tena mu kila duka kama zamani. Kama kuko ndugu anasafiri Ulaya ao Afrika ya Kusini, mwagizie filme pamoja na dawa za unga. Bei inapanda, ndiyo maana tunashauri vijana wa parokia wachange pamoja: apareyi moja, tanki moja, filme moja kwa jamaa tatu ao ine.

KUPIGA BILA KUPOTEZA

Apareyi mingi za zamani, kile kipimo cha mwangaza kimekufa. Usiogope. Ku jua kali la mchana, weka tundu ku 16, na mwendo ufanane na hesabu ya filme: ISO 100, mwendo wa 1/125, ISO 400, mwendo wa 1/500. Lakini kwa sura ya mtu, tunakuomba usimsimamishe mu jua la saa sita. Ngozi yetu nyeusi mu jua hilo inakuwa macho mu giza na paji mu moto. Mpeleke ku kivuli cha mwembe ao ku baraza, ufungue tundu mpaka 5.6, mwendo ule ule. Ukiwa na mashaka, ongeza mwangaza, usipunguze. Filme ya nyeusi na nyeupe inasamehe mwangaza uliozidi. Ule uliokosa hakuna dawa itauleta.

KUSAFISHA FILME KU NYUMBA

Si lazima chumba ya giza. Unahitaji tanki ya filme yenye kifuniko kisichopitisha mwangaza, termometa, saa, kipimo cha maji, na dawa mbili: dawa ya kufunua, mafundi wanaiita revelateri, na dawa ya kusimika, wanaiita fiksateri. Unga wa revelateri kama ID-11 ao D-76 unachanganywa na maji ya moto kadiri ya maandiko ya pakiti, na mu chupa iliyojaa na kufungwa vizuri inakaa miezi 6.

Kuingiza filme mu gurudumu la tanki kunafanyika mu giza kabisa. Fanya mazoezi kwanza ku mwangaza na filme iliyoharibika, mara 10, kisha mara 10 na macho yaliyofungwa. Halafu ngojea usiku, zima taa zote, ziba chini ya mlango na blanketi. Keti mu giza dakika 5. Kama ukiisha kuzoea unaona mkono wako, chumba hakijafaa. Kifuniko kikifungwa tu, washa taa: kazi ingine yote ni ya mwangaza.

Tuchukue mfano wa HP5 Plus iliyopigwa ku 400, na ID-11 iliyoongezwa maji sawa kwa sawa. Tanki ndogo inataka mililitri 300 hivi: 150 za dawa, 150 za maji. Ukiisha, dawa hiyo iliyochanganywa hairudi mu chupa.

1. Kufunua. Ku digri 20, dakika 13. Geuza tanki juu-chini mara 4 mu sekunde 10 za kwanza, uigonge polepole juu ya meza ili mapovu yatoke, kisha mara 4 ku mwanzo wa kila dakika. Mu mwezi wa 6 na wa 7, maji ya Lubumbashi na Kolwezi yanaweza kukubali digri 20 bila taabu. Mu mwezi wa 10, hapana. Weka chupa za dawa mu beseni ya maji ya mtungi, na kama kuko barafu, iweke mu beseni, si mu dawa. Kama digri zimegoma ku 24, punguza wakati mpaka dakika 9 hivi. Usibahatishe: digri 4 tu zinaweza kugeuza shati nyeupe ya babu kuwa ukuta usio na mikunjo.

2. Kusimamisha. Mwanga dawa, jaza maji safi, tikisa, mwanga. Rudia.

3. Kusimika. Kazi ya fiksateri ni kuondoa chumvi yote ya feza isiyoguswa na mwangaza. Ikibaki hata kidogo, ndiyo italeta yale madoa ya manjano miaka 20 nyuma. Wakati gani unatosha? Mbele ya kuanza, kata ule ulimi wa filme unaobaki inje, utumbukize mu fiksateri ku mwangaza, uhesabu sekunde mpaka uwe wazi kama kioo. Wakati huo uzidishe mara mbili: ndio wakati wa filme yako. Kama fiksateri inachukua mara mbili kupita siku ilipokuwa mpya, imechoka. Usiitumikishe tena, hata kama franga zinauma.

4. Kusukula. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Vitabu vinasema acha maji yapite mu tanki dakika mingi. Lakini tunajua namna robine ya cité inavyokauka, na mama amebeba ndoo ile toka mbali. Kampuni Ilford imefundisha njia ya maji kidogo: jaza tanki, geuza mara 5, mwanga. Jaza tena, geuza mara 10, mwanga. Jaza ya tatu, geuza mara 20, mwanga. Lita moja tu inatosha kwa filme moja, mradi maji yawe safi na usiruke hata mara moja. Tano, kumi, makumi mbili: fundisheni watoto kama hesabu ya mchezo.

Maji ya mwisho yawe yaliyochemshwa, yakapoa, yakapitishwa mu kitambaa safi, na tone moja la sabuni ya maji ya vyombo. Tundika filme mahali pasipo vumbi, na kifungo cha nguo chini ili isijikunje. Usiipanguse. Usiiguse. Ndugu na majirani watataka kuona. Waambie wangoje mpaka kesho asubuhi.

Ikikauka, kata vipande vya foto 6, uviweke mu bahasha ya karatasi safi. Na hapa simu inakuwa rafiki: weka kipande mbele ya mwangaza mweupe, kipige foto na simu, geuza nyeusi kuwa nyeupe, utumie jamaa ya mbali. Simu inapeleka habari. Filme inabaki nyumbani.

TAHADHARI KWA WAZAZI

Dawa hizi hazitengenezwi mu vyombo vya kupikia. Usiziweke hata siku moja mu chupa ya Fanta ao ya bia, sababu mtoto mwenye kiu hasomi maandiko. Vaa gants, maana revelateri inawasha ngozi ya watu wengine. Fungua dirisha ukiisha kufunga tanki.

Fiksateri iliyochoka usiimwange ku kisima, ku mto wala ku bustani: imejaa feza, na feza iliyoyeyuka inaua samaki. Iweke mu bidoni ya plastiki, utie ile pamba ya chuma ya kusugulia sufuria, uiache siku kadhaa. Chuma kinaingia mu maji, na feza inatoka na kushuka chini kama matope meusi. Mtoto wa mugodi ataelewa kazi hiyo upesi kuliko mwalimu.

FOTO 36

Filme moja ina foto 36. Mu simu, 36 ni kazi ya dakika mbili. Mu filme, ni lazima kuchagua. Kwa hiyo mbele ya kuingiza filme mu apareyi, keti na jamaa yenu jioni moja, muandike majina 36. Nani aandikwe wa kwanza? Pengine bibi, maana miaka yake imesonga. Pengine baba akiwa na vyombo vyake vya kazi. Pengine mlango wa nyumba ya kampi mbele ya wenyewe wapya kuubomoa, ao kikundi cha kwaya, ao kaburi la yule aliyebaki chini ya mugodi. Mtabishana, na mabishano hayo ni mazuri: watoto watasikia habari ambazo hawakuulizia.

Mu kitabu cha Yoshua, sura ya 4, Waisraeli waliokota mawe 12 mu Yordani, ili kesho watoto wakiuliza maana yake, wazazi wawe na la kujibu. Jiwe lisilo na hadithi ni jiwe tu. Foto pia. Mnajua nyumba ngapi zenye foto ya mtu, na hakuna tena anayejua jina lake?

Basi, hata kama hamna filme, kazi moja mnaweza kuianza leo jioni bila franga. Rudini ku ile bahasha ya mama. Kamateni kalamu ya risasi, msikandamize sana, muandike nyuma ya kila foto: jina, mahali, mwaka. Muulizeni bibi sasa hivi, angali anakumbuka.